Namna ya kuitazama picha ya Bonnard, "Chumba cha Kulia Shambani"

Pierre Bonnard, mchoraji Mfaransa, aliichora picha hii mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya kununua nyumba ndogo Vernonnet, Ufaransa, karibu na mto Seine, alikokuwa akipumzika na mwenzake Marthe. Turubai yenyewe, yenye upana wa takriban mita 2, imehifadhiwa Minneapolis, Marekani. Wengi wetu tutaiona kwenye simu tu, na inatosha, mradi tuipe muda.

Anza na ukuta, wala usimtafute mtu kwanza. Ukuta ni mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa, na kupitia mlango na dirisha vilivyoachwa wazi inaonekana bustani ya kijani na samawati. Fumba macho nusu hadi vitu vipoteze mipaka yake, na utaona kwamba ndani na nje havikutenganishwa kwa giza na mwanga, bali kwa rangi ya moto kukabili rangi ya baridi.

Kisha shuka mezani, na hapa ukae kuliko kwingine kote. Kitambaa cha meza tunakisoma kuwa cheupe, lakini ukiizunguka sehemu yake kwa viganja, ukabakiza kipande kidogo tu, utakuta samawati tele, kwa sababu kitu cheupe kilichomo kivulini hubeba rangi ya mbingu inayoingia mlangoni. Ondoa viganja, nacho kitarudi kuwa cheupe mbele ya macho yako. Rudia mara mbili au tatu. Mimi sijachoka kurudia.

Sasa watafute paka wawili juu ya viti, halafu Marthe, ambaye yuko nje, ameegemea dirisha akitazama ndani. Nguo yake nyekundu inaungana na ukuta kiasi kwamba jicho humpita, na naamini Bonnard alitaka tumgundue kwa kuchelewa, kama mtu wa nyumbani ambaye uwepo wake umezoeleka.

Tofauti na mchoraji Claude Monet, jirani yake wa kijiji cha Giverny, aliyeweka turubai mbele ya mandhari, Bonnard alichora kwa kumbukumbu. Kwa hiyo mwisho igeuzie picha mgongo, andika rangi unazozikumbuka, kisha urudi kulinganisha. Huenda kosa lako kubwa likawa kwenye kitambaa: utakuwa umeandika "cheupe".