Namna ya kuifuatilia serikali yako baada ya kupiga kura

Kwa miaka mingi nimefundisha somo la uraia kwa watu wazima, wengi wao wakija darasani jioni wametoka kazini. Swali wanaloniuliza kuliko yote ni hili: "Mwalimu, haki zangu nazijua tangu shule ya msingi. Nazitumiaje?" Wana haki ya kuuliza. Tulikaririshwa orodha ya haki, lakini ni wachache walioonyeshwa barua ya kuomba taarifa inavyoandikwa, au mahali pa kuanzia ukifungua kitabu cha bajeti. Humu nitakaa zaidi kwenye kazi hiyo, ya kufuatilia fedha na maamuzi kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

Kuhusu kura yenyewe nitasema machache. Hakiki jina lako kwenye daftari la wapiga kura mapema, wakati marekebisho bado yanaruhusiwa. Mchunguze mgombea udiwani kwa makini yaleyale unayomchunguzia mgombea urais, maana maamuzi ya diwani yanakufikia haraka zaidi. Tena usipige picha karatasi yako ya kura, hata kama unajivunia chaguo lako. Mnunuzi wa kura anachokosa ni ushahidi, na picha ya simu inampa. Mwaka 1856 koloni la Victoria huko Australia lilianza kutumia karatasi zilizochapishwa na serikali, ambazo mpiga kura alizijaza peke yake bila kuonekana. Kabla ya hapo, sehemu nyingi mtu alitaja chaguo lake kwa sauti, mwajiri wake na mwenye ardhi wakisikia. Siri ile inamlinda mnyonge. Ilinde.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua jambo moja tu. Zahanati isiyo na dawa, kisima kilichoanza kuchimbwa kikaachwa, shule iliyoahidiwa madarasa. Anayetaka kuisafisha serikali nzima huchoka kabla ya mwezi kwisha. Ukishachagua, tafuta ni ofisi gani inayohusika kisheria. Hatua hii hurukwa sana, na malalamiko mengi ya kweli hufia kwenye meza isiyo na mamlaka. Mbunge hutunga sheria, hupitisha bajeti na huihoji serikali, lakini si yeye anayemlipa mkandarasi.

Kisha tafuta bajeti ya ofisi hiyo. Usiogope unene wa kitabu, kwani wewe unatafuta mstari mmoja tu wenye jambo lako. Andika tarakimu tatu kando kwa kando: fedha zilizopangwa, fedha zilizotolewa na fedha zilizotumika. Kama zilipangwa lakini hazikutolewa, swali lako liende hazina. Kama zilitolewa na kutumika lakini kazi haionekani, swali liende kwa waliosaini malipo. Baada ya hapo soma ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Nchi nyingi zina ofisi ya namna hiyo, na ripoti zake hutaja idara kwa majina. Mara nyingi nimeona wanafunzi wangu wakikuta humo jambo walilodhani wao ndio wa kwanza kuligundua.

Usipopata nyaraka hizo, ziombe kwa maandishi. Hapa naomba utulie nami kidogo. Barua inayosema "naomba kujua kwa nini kisima hakijakamilika" inamkaribisha afisa akuandikie maelezo matamu. Andika hivi: "Naomba nakala ya mkataba wa kuchimba kisima, hati za malipo kwa mkandarasi, na cheti cha kukamilika kwa kazi kama kipo." Omba karatasi zilizokwishaandikwa, usiombe sababu. Taja kipindi unachokitaka. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe uondoke nayo. Bila muhuri huo, miezi miwili baadaye utaambiwa barua haikufika.

Haki hii ya kupata taarifa za serikali si hisani ya ofisi. Uswidi iliiweka katika sheria mwaka 1766. India ilipitisha sheria yake mwaka 2005, na humo afisa ana siku 30 za kujibu, au saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Tafuta sheria ya nchi yako inataja siku ngapi, hesabu kuanzia tarehe ya muhuri, na muda ukipita kata rufaa siku inayofuata.

Ukipata nyaraka, usizifungie kabatini. Katika jimbo la Rajasthan nchini India, miaka ya 1990, chama cha vibarua na wakulima kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan kilifanya mikutano ya hadhara ambako orodha za malipo zilisomwa kwa sauti mbele ya wanakijiji. Majina ya marehemu yalikutwa yamelipwa ujira. Kazi zilizoandikwa kuwa zimekamilika hazikuwahi kufanywa. Mkaguzi kutoka mbali asingeyajua hayo, lakini jirani wa marehemu aliyajua mara moja. Fanya hivyohivyo, na mwalike afisa mhusika aje ajieleze.

Kumwalika ni wajibu, si adabu tu. Kabla ya kumtaja mtu kuwa mwizi, hakikisha una karatasi, na umempa nafasi ya kujibu. Usisambaze ujumbe wa simu usioujua ulikotoka, hata kama ujumbe huo unamchafua mtu usiyempenda. Usitoe rushwa ili barua yako isogee, maana utakuwa umeulipia ugonjwa uleule unaoupigania. Lipa kodi, itikia wito wa mahakama ukiitwa kutoa ushahidi, na tetea haki ya mkutano wa chama usichokiunga mkono.

Naomba hili lieleweke vizuri. Wako viongozi wanaosema raia atimize kwanza wajibu, ndipo adai haki. Nalipinga kwa moyo wote. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 linataja wajibu wa mtu kwa jamii yake katika kifungu cha 29, lakini halikuufanya kuwa bei ya haki. Mfungwa aliyevunja sheria bado hapaswi kuteswa. Asiyelipa kodi ashtakiwe, na huko mahakamani asikilizwe kwa haki.

Barua na rufaa zikigonga ukuta, mkutano wa amani na mahakama vipo, na hufanya kazi vizuri zaidi vikienda pamoja. Huko Montgomery, Marekani, watu weusi walisusia mabasi ya mji kuanzia Desemba 1955 kwa siku 381. Walipanga magari ya kuwafikisha watu kazini, na wakati huohuo kesi yao ikafika Mahakama ya Juu, ambayo iliamua kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ulikuwa kinyume cha katiba. Kwa hiyo nanyi pangeni. Someni masharti ya kutoa taarifa polisi, chagueni wasimamizi wa kutuliza vurugu, na kila mmoja awe na namba ya wakili kwenye karatasi, maana simu zinaweza kuchukuliwa.

Ukipata jibu zuri, mwandikie shukrani afisa aliyelitoa, na nakala umpelekee mkuu wake. Waadilifu wengi hufanya kazi bila kuungwa mkono na yeyote, na barua hiyo inaweza kuwasaidia siku wanapobanwa. Jalada lako mkabidhi mwenzako anayeanza kufuatilia jambo lake, apate mfano wa barua, tarehe, na ofisi ya kuanzia.