Kabla hujaachia saiti ya lugha tatu hewani, kagua haya

Wadau, juzi nimemaliza saiti ya gesti moja ya Nungwi, lugha tatu, Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano, na mara ya kwanza nilichemsha vibaya. Nilipanga seva iangalie IP (namba ya mtandao anaotumia mtu), ukiwa Tanzania unarushwa /sw/, ukiwa Italia /it/, wengine wote /en/. Nikajiona mjanja. Haijaisha wiki mama mwenye gesti ananipigia, "mwanangu hebu njoo uone", kumbe kuna mgeni Mtaliano yuko hapo hapo mapokezi kwenye Wi-Fi yao, anataka kuongeza siku mbili, kila akigusa Italiano saiti inamrudisha kwenye Kiswahili, anakodolea macho "tarehe ya kuondoka" hajui ni kitu gani.

Sasa kabla ya yote elewa kwamba IP inakwambia mtu yuko wapi, haikwambii anaongea nini. Mpemba aliyeko Muscat utamtupia Kiarabu wakati anataka tu kumlipia dada yake chumba. Accept-Language, yaani orodha ya lugha inayotumwa na brauza kutokana na setingi zake, ni afadhali ila nayo usiiamini sana, huku kwetu mtu kibao simu iko kwa Kiingereza tangu aitoe dukani na setingi hajawahi kuzigusa, na Kiswahili ndo anachokisoma. Kwa hiyo itumie kupendekeza tu, weka kaubao kadogo juu, "Soma kwa Kiswahili?", akikafunga kasirudi tena.

Mpangilio wangu siku hizi ni huu: lugha iliyo kwenye anwani (/sw/, /it/) kwanza, halafu kuki (kumbukumbu ndogo inayokaa kwenye brauza) ya alichochagua mwenyewe, Accept-Language ya brauza mwisho. Kumhamisha mtu ni kwenye ukurasa wa mwanzo mtupu tu, ule usio na lugha kwenye anwani, kwingine ni kupendekeza. Mtu akitumiwa WhatsApp linki ya /it/camere basi ifunguke /it/camere hata kama yuko Mbagala. Na akibadili lugha akiwa kwenye chumba namba 4, abaki chumba namba 4 na tarehe zake, sio unamrudisha mwanzo aanze upya, hapo ndo watu wanafunga saiti wanaenda zao.

Ridairekti yenyewe, yaani huko kumhamisha mtu, iwe 302 (ya muda), tafadhali. Mimi niliweka 301 (ya kudumu), na 301 brauza inaikariri, nikaja kurekebisha seva vizuri kabisa lakini simu ya yule mgeni ikaendelea kwenda /sw/ kama vile sijafanya kitu, nikatoa jasho pale mapokezi mama ananiangalia tu. Kama una CDN (seva za kati zinazohifadhi nakala za kurasa) mbele angalia isihifadhi hiyo ridairekti, la sivyo lugha ya mtu wa kwanza wanapewa wote. Kuna Vary: Accept-Language, inayoiambia CDN itenge nakala kwa kila lugha ya brauza, ila kama unasoma na kuki rahisi zaidi ni kuzuia keshi (huko kuhifadhi nakala) kwenye huo ukurasa mmoja.

Google nayo. Roboti wake mara nyingi anakuja na IP ya Marekani na hatumi Accept-Language, kwa hiyo kwa ule ujanja wangu alikuwa anaona Kiingereza peke yake, kurasa za Kiswahili ni kama hazipo. Weka hreflang (tagi inayoionyesha Google ukurasa huo huo kwa lugha nyingine), kila ukurasa utaje wenzake na ujitaje wenyewe, maana wa Kitaliano ukiutaja wa Kiswahili na wa Kiswahili ukakaa kimya, inapuuzwa. Kodi ni sw, sio tz wala ke, hizo ni za nchi, na ukiteleza ukaandika sv umeandika Kiswidi. Ongeza na x-default, ya wale ambao lugha yao huna.

Bendera achana nazo, Kiswahili utaweka ya nani, Tanzania au Kenya? Ugomvi wa bure. Andika Kiswahili, English, Italiano, basi.

Halafu hiki watu wanakisahau sana: ile anwani ambayo mtandao wa malipo unaitumia kuleta taarifa kwamba mteja kalipa, itoe kabisa kwenye mambo ya lugha. Taarifa inakuja kwa POST (ombi linalobeba data ndani), ikikutana na 302 wengine wanaishia hapo hapo na wengine wanaifuata kwa GET (ombi la kufungua ukurasa tu), mzigo wote umedondoka njiani, mteja kakatwa hela na saiti inasema hajalipa. Jaribu kwa malipo ya kweli, hata shilingi 1,000, kwenye lugha zote tatu.

Yule Mtaliano mwishowe alilipa keshi, ile ya mkononi.