Chumba cha seva chenye mtungi wa gesi: anza na kuta

Nahudumia mifumo ya kuzima moto kwa gesi hapa Dar es Salaam, mwaka wa kumi na moja sasa. Nikifika kwenye chumba cha seva, yaani cha kompyuta kuu za ofisi, wenyeji hunipeleka moja kwa moja kwenye mtungi. Mimi huomba kwanza nizunguke kuta. Gesi huzima moto kwa kukaa chumbani. Ikitoroka, hata mtungi uwe umejaa kiasi gani, moto utarudi.

Wengi huniuliza kwa nini wasiweke vinyunyizio vya maji darini kama vya kwenye korido. Kile kichupa chekundu cha kioo kwenye kinyunyizio hupasuka joto likifika nyuzi 68. Moto wa seva huanza taratibu, waya unaungua ndani ya kabati bila miali, na mpaka dari lipate joto hilo mashine zimeshaharibika. Halafu maji yanazimwagikia zile zilizopona, umeme ukiwa haujakatwa. Kigunduzi cha moshi hunusa mapema, na gesi haiachi maji wala unga.

Kabla hujagusa chochote, geuza ufunguo wa paneli inayoendesha mfumo kutoka hali ya otomatiki kwenda hali ya kuendeshwa kwa mkono, ili gesi isitoke yenyewe. Usiwashe udi wala kiberiti kutafuta upenyo, maana kigunduzi hakijui kwamba unafanya majaribio.

Sasa kuta. Katika ofisi moja maeneo ya Posta, mafundi wa intaneti walikuwa wamepitisha kebo nyuma ya kabati na kuacha tundu la ukubwa wa nazi. Kijana wa TEHAMA aliyenisindikiza akasema, "Dada, hilo si liko nyuma tu, halionekani?" Nikamwomba azime taa za chumbani, nami nikatoka koridoni na tochi. Nilipomulika ukuta, akaona mwanga sehemu saba: lile tundu, chini ya mlango, pembeni mwa bomba la kiyoyozi, na kwingine juu ya dari la jipsamu ambako ukuta haukufika kwenye zege. Fanya hivyo hivyo. Nyanyua vigae vya dari na vya sakafu ya kuinuliwa, kwa sababu matundu mabaya zaidi hujificha huko. Ziba kwa saruji au kwa silanti (gundi ya kuzibia) ya kuhimili moto. Lile povu la kawaida la kujazia fremu za milango linaungua. Tochi haichukui nafasi ya kipimo cha feni ya mlangoni, yaani feni inayofungwa mlangoni kupima hewa inavyovuja, ambacho hukadiria gesi itakaa muda gani. Lengo ni dakika 10 angalau. Dai kipimo hicho kila ukuta unapoguswa.

Kama chumba kimepanuliwa, hesabu imebadilika. Chumba cha urefu wa mita 5, upana 4 na kimo 3, yaani mita za ujazo 60, huhitaji takriban kilo 40 za gesi ya HFC-227ea, ile ambayo wengi wanaiita FM-200. Ukivunja ukuta ukaongeza nusu chumba, zile kilo 40 hazitoshi tena. Nimeshaona hili zaidi ya mara moja, na linaniuma, kwa sababu mwenye chumba analala akiamini yuko salama.

Kiyoyozi kinachopitisha hewa kutoka nje kizimike chenyewe king'ora kinapolia, na mlango ujifunge wenyewe. Ukikuta mlango umezuiwa kwa tofali, liondoe na uzungumze na mlinzi kwa upole. Mara nyingi hakuna aliyemweleza.

Kwenye mtungi, soma lebo kwanza. HFC-227ea husukumwa na naitrojeni, kwa hiyo mshale wa geji unasaidia: ukishuka zaidi ya asilimia 10 baada ya kuzingatia joto la chumba, ita fundi. Lakini geji pekee haitoshi, mtungi upimwe uzito pia, na ukipungua zaidi ya asilimia 5 ujazwe. Kwa mifumo inayotumia kabonidioksidi badala ya HFC-227ea, geji haikuambii kitu. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia: presha ni ileile ukiwa umejaa au umebaki nusu, hadi uupime kwa mizani.

Hiyo kabonidioksidi nisikilize vizuri. Inafaa chumba cha jenereta au cha swichi kubwa za umeme, mahali pasipokaa watu. Ili izime moto inahitaji kufika angalau asilimia 34 ya hewa ya chumba, wakati asilimia 10 tu inatosha kumwangusha mtu akapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini na kwenye mitaro ya kebo. Mimi siingii chumba chake kabla sijafunga kwa kufuli vali inayozuia gesi isitoke na kuweka ufunguo mfukoni mwangu. Fundi akikuambia "ni dakika mbili tu", mkatalie.

Kama unanunua mfumo mpya, jua kwamba HFC-227ea hupasha joto dunia zaidi ya mara 3,000 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule, na matumizi ya jamii hiyo ya gesi yanapunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016. Ningechagua mchanganyiko wa gesi za naitrojeni na agoni kama nafasi ya mitungi ipo. Mitungi yake ni mingi na gesi inayoingia ni nyingi, kwa hiyo lazima ukuta uwe na tundu lenye kifuniko cha kupunguza presha, la sivyo dari litanyanyuka.

Fundisha watu wako mlio. Kwenye mifumo mingi ninayoihudumia, kigunduzi kimoja kikinusa moshi, kengele inalia. Cha pili kikithibitisha, zinahesabiwa sekunde 30, kisha gesi inatoka. Katika sekunde hizo kila mtu atoke. Kitufe cha kusitisha kipo mlangoni kwa ajili ya yule aliyemwona mwenzake bado yumo ndani, na akishikilie mpaka mwenzake atoke.

Gesi ikishatoka, usifungue mlango kuchungulia. HFC ikikutana na moto hutoa asidi inayounguza mapafu, na hewa mpya itauamsha moto. Kata umeme wa chumba kwa swichi ya nje, piga 114, usubiri Zimamoto waingie na vifaa vya kupumulia. Namba hiyo iandike kwa herufi kubwa upande wa nje wa mlango, kwenye kimo cha macho.