Namna ya Kuwasilisha Filamu Fupi kwenye Tamasha la Kanda
Kabla ya kutuma filamu yako, soma kanuni za tamasha hadi mwisho, hasa kipengele cha urefu, kwa kuwa matamasha mengi hayapokei filamu fupi inayozidi dakika 40, na mengine huweka kikomo cha chini zaidi. Suala linalohitaji uangalifu mkubwa ni muziki: pata kibali cha maandishi kutoka kwa mtunzi wa wimbo na pia kwa mmiliki wa rekodi, maana hizo ni haki mbili tofauti, na ni uchungu kuona kazi nzuri ya msanii wa kujitegemea ikiondolewa kwa sababu hiyo. Usiiweke filamu mtandaoni mapema iwapo tamasha linadai onyesho la kwanza, yaani filamu isiwe imeonyeshwa popote kabla ya hapo. Ikiwa mhariri anasita kati ya dakika 8 na 20, ningechagua 8, kwani hupangika kwa urahisi katika ratiba.