Jinsi ya kumpima mzee wa kizungu anayesema alikuwa komando

Hapa Mtwapa, pwani ya Kenya, hatukosi makomando. Kaa kaunta yoyote kuanzia saa kumi na moja jioni, utampata mmoja: kofia ya jeshi, tatuu ya jambia lenye mabawa, bia ya pili mkononi, na kisa kinachoanza kwa "siruhusiwi kusema, lakini..." Mimi nasimamia nyumba za kupangisha hapa, na kabla ya hapo nilikuwa nahudumu baa. Visa hivi nimevisikia nikimimina, na nimevisikia nikidai kodi.

Niseme mapema: mzee wa watu akiongeza chumvi kwenye maisha yake, na bia anajinunulia mwenyewe, mwache. Mwongozo huu ni wa siku kisa cha jeshi kinapogeuka dhamana. Anataka nyumba bila dipoziti kwa sababu pensheni ya jeshi "iko njiani". Anataka kumposa binti yako. Anataka mjomba wako auze shamba la Kikambala waingie ubia wa kampuni ya ulinzi, mjomba atoe pesa, yeye atoe uzoefu wa Afghanistan. Hapo una haki ya kukagua.

Anza na mwaka wa kuzaliwa. Mimi huupata bila kuuliza, maana kila mpangaji huniachia nakala ya pasipoti. Uweke kando ya vita anavyovitaja, utoe hesabu. Wanajeshi wa mapigano wa Marekani walimaliza kuondoka Vietnam Machi 1973. Aliyezaliwa 1958 wakati huo alikuwa na miaka 15, yuko darasani. Vita vya Falklands, vya Uingereza na Argentina, vilikuwa kati ya Aprili na Juni 1982. SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, kilivamia ubalozi wa Iran jijini London tarehe 5 Mei 1980, televisheni ikionyesha moja kwa moja, ndiyo maana kila mtu anaujua ule moshi na zile barakoa nyeusi. Walioingia mle walikuwa kikosi kidogo. Walioniambia mimi kwamba walikuwemo wangejaza feri ya Likoni, na mmoja wao, kwa pasipoti yake, mwaka huo alikuwa na miaka 12.

Wajerumani wana mtihani wao. Wengi walipita jeshini kweli, kwa sababu kwao utumishi wa jeshi ulikuwa wa lazima hadi 2011, kwa hiyo mtu akisema alivaa gwanda haongopi. Uongo unaingia pale dereva wa lori anapokuwa komando. Kikosi chao maalumu, KSK, kiliundwa 1996. Mzaliwa wa 1950 angekuwa na miaka 46 siku kinaanza, na huo si umri wa kuanza kuruka kutoka kwenye helikopta. Mswisi naye bunduki ameishika, kwao kila kijana wa kiume huitwa jeshini mpaka leo. Ila nchi yake haijapigana vita na taifa lingine tangu mwaka 1815, sasa hayo makovu aliyapata wapi?

Katika niliowaona mimi, waliobuni kila kitu ni wachache. Kawaida ni mtu aliyekuwa jeshini kweli, mpishi au karani wa stoo, alipovuka ikweta akajipandisha cheo. Huyu ni mgumu kumkamata kuliko mwongo kamili, kwa sababu nusu ya anayosema ni kweli na anaisema vizuri.

Kwa hiyo usimuulize "ulikuwa SAS kweli?" Swali hilo amelijibu mara nyingi mno, ana jibu lililopigwa pasi. Muulize mambo madogo yasiyo na utukufu. Mwingereza muulize: kabla ya SAS ulikuwa rejimenti gani? SAS ya kudumu haichukui raia kutoka mtaani, inachukua askari ambaye tayari yuko jeshini na anafaulu mchujo wa milima ya Wales. Lazima awe na kikosi alichotoka, na kwa Mwingereza kikosi hicho ndicho ukoo wake. Atakitaja kabla hujamaliza swali. Akianza "mimi walinichukua moja kwa moja, nilikuwa na kipaji", mletee bili.

Muulize pia habari za Kenya. Jeshi la Uingereza lina kambi Nanyuki na limekuwa likifanyia mazoezi Archer's Post huko Samburu kwa miaka mingi. Askari wa miguu aliyepita huko atakueleza vumbi na miiba, na yule ngamia aliyeingia katikati ya hema. Anayesema alipigana kila bara na hajui Nanyuki iko upande gani wa mlima, mwekee alama ya kuuliza. Si ushahidi, ni alama tu.

Mmarekani muulize kazi yake jeshini kwa msimbo. Kwenye jeshi lao la nchi kavu kila kazi ina namba na herufi, askari wa miguu ni 11B, na mzee aliyesahau tarehe ya harusi yake huo msimbo hausahau. Anayesema alikuwa tabibu na ni Marine, yaani askari wao wa kushambulia kutoka baharini, mtazame mara mbili: Marine hawana matabibu wao, hutibiwa na watu wa jeshi la majini. Wa kweli atakurekebisha mwenyewe, tena kwa ukali kidogo.

Wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa ndio nawapenda, kwa sababu kipimo chao kinatembea mtaani kwetu. Jeshi hilo hupokea watu wa mataifa yote, hata wasiojua neno la Kifaransa, lakini mkataba wa kwanza ni miaka 5, na amri na matusi ni kwa Kifaransa. Kulikuwa na mzee mmoja hapa akisema aliruka na parachuti Kolwezi, mji wa Kongo. Tukio lenyewe ni la kweli: tarehe 19 Mei 1978 askari wa rejimenti ya pili ya maparachuti ya jeshi hilo, wenye kambi Calvi kule Corsica, walirushwa Kolwezi. Jirani yangu ni fundi cherehani, Mkongomani wa Lubumbashi, na upande wa mama yake ni watu wa Kolwezi. Siku hiyo kaja kunipimia mapazia. Nikamwambia, "Kaka, huyu mzee alipigania kwenu." Fundi akafurahi, akamwamkia kwa Kifaransa, akamuuliza walitua upande gani wa mji na walikuwa wametokea kambi gani. Mzee akajibu "bonjour", akageukia Kiingereza, akasema Kifaransa kimemtoka kwa sababu ya malaria. Fundi aliendelea kupima dirisha. Alipotoka akaniambia taratibu, "Dada, malaria tunaugua wote."

Ukishauliza, nyamaza usikilize ni sehemu gani ya kisa chake anakawia nayo. Babu yangu mzaa mama, Mkamba wa Kitui, alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na walipelekwa Burma 1944. Tukimwomba atusimulie vita alisimulia mvua, ruba, na biskuti ngumu za kwenye mkebe. Ruba peke yao walichukua jioni nzima. Bunduki aliitaja kama mzigo. Na wazungu waliokuwa askari kweli nimewaona hivyo hivyo: wanalalamikia chakula, viatu, sajini fulani aliyekuwa na roho mbaya, kungoja ndege siku mbili. Askari wa maparachuti wa kweli huniomba nyumba ya chini kwa sababu ya magoti. Wengine hawataki kabisa kuulizwa, na hao usiwachokonoe. Anayekataa kusema na haombi chochote hana deni nawe.

Sasa karatasi. Mmarekani aliyeachishwa jeshi ana fomu iitwayo DD-214, ukurasa wenye tarehe za kuingia na kutoka, cheo, kazi na medali. Benki, mwajiri, hata hospitali za maveterani huitaka, kwa hiyo kuiomba si matusi. Lakini fomu hubuniwa, na kompyuta zimejaa kila saibakafe. Bora umwandikie mwenye rejista. Kumbukumbu zao ziko kituo cha taifa huko St. Louis, Missouri, na sheria ya uhuru wa habari ya Marekani inamruhusu mtu yeyote, hata wewe uliyeko Mtwapa, kuomba mambo ya msingi ya mtu: tarehe za utumishi, cheo, vituo, medali. Unahitaji jina lake kamili, jeshi gani, miaka, na tarehe ya kuzaliwa. Tumia fomu namba 180, ipo kwenye tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa lao. Jibu halitakuja wiki hiyo, kwa hiyo omba kabla hujauza shamba.

Hapo ndipo utasikia habari za moto. "Faili langu liliungua." Moto ulikuwepo kweli, Julai 12, 1973, uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 pale St. Louis. Lakini uliunguza ya jeshi la nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na mwanzo wa 1960, na ya jeshi la anga walioachishwa kati ya 1947 na mwanzo wa 1964, tena hao ni wenye majina ya ukoo kuanzia Hubbard kwenda mbele hadi Z. Ya jeshi la majini na ya Marine hayakuguswa. Mtu wa Vietnam wa jeshi la nchi kavu anayesema faili lake liliungua amejichoma mwenyewe.

Kwa Mwingereza aliye hai rekodi haitolewi bila idhini yake, basi mwombe yeye aiagize. Tangu 2019 wana pia kadi ya maveterani, na kuanzia Januari 2024 iko wazi hata kwa walioondoka zamani. Asipokuwa nayo si kosa. Akijiita kapteni au meja, kazi yako imekuwa rahisi, kwa sababu uteuzi wa maofisa na upandishwaji vyeo huchapishwa kwenye gazeti la serikali, London Gazette, na nishani za ushujaa huchapishwa humo humo. Unasoma bure kwenye simu. Tafuta jina lake na mwaka.

Medali usitazame uso wake, geuza utazame ukingo. Medali za kampeni za Uingereza, ile ya Falklands kwa mfano, huchorwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Ukikuta jina la mtu mwingine, alinunua mnadani. Tahadhari moja: nyota za Vita vya Pili Uingereza ilizitoa bila majina. Nyota ya Burma ya babu, shaba ya ncha sita, nyuma ni tupu kabisa, na ni halali yake. Tazama pia upande wa kifua. Kwa desturi yao medali zako hukaa kushoto. Za baba au babu marehemu hupachikwa kulia. Mzee aliyezivaa kulia huenda anamheshimu baba yake tu, wala hajadanganya mtu.

Akikwambia kila kitu ni siri, kubali kwamba operesheni ni siri. Lakini hata mtu wa operesheni za siri alikuwa na tarehe ya kuingia, cheo, na mshahara, na hayo yanaandikwa. Na pensheni haiombi mkopo. Inaingia benki yenyewe, mwezi kwa mwezi, na taarifa ya benki inaionyesha. Yeyote anayetaka umtumie pesa ili pensheni "ifunguliwe", au ili jeshi limpe likizo, ni tapeli; jeshi la Marekani lenyewe limeonya mara nyingi kwamba askari halipii likizo. Wale wa mtandaoni waliokwama Syria na hujawahi kuwaona ana kwa ana, hao futa namba tu, hawastahili hata hesabu.

Usitegemee polisi wamkamate kwa kuvaa medali. Hata kwao Marekani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012, katika kesi ya Xavier Alvarez aliyejisingizia nishani kubwa kuliko zote, kwamba uongo mtupu wa namna hiyo unalindwa na uhuru wa kusema. Sheria mpya ya 2013 inagusa anayedanganya kuhusu nishani ili apate pesa au faida. Kwetu Kenya, kinachokusaidia ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa hadaa, kifungo hadi miaka 3. Shika hili vizuri: hadaa hiyo lazima iwe juu ya jambo lililopita au lililopo. "Nitakulipa mwezi ujao" ni ahadi, haikufikishi mbali. "Mimi ni meja mstaafu, napokea pensheni ya jeshi" ni jambo lililopo, na likiwa la uongo una pa kushika. Kwa hiyo mfanye aliandike. WhatsApp inatosha, usifute, na piga picha ya skrini yenye tarehe.

Ukishajua, usimwanike Facebook na sura yake. Unaweza kuwa umekosea jina, na hapo mshtakiwa utakuwa wewe. Mwambie mjomba, au mwambie binti ukiwa naye faragha, ukiwa na karatasi mkononi, halafu acha. Kwa wapangaji mimi hata sibishani. Mzee aendelee na Kolwezi yake kaunta. Nyumba yangu inataka vitu vingine, na ujumbe ninaowatumia wote, komando na mwalimu wa kuogelea, ni huu:

"Shikamoo mzee. Nyumba namba 4 ipo. Mwenye nyumba anaomba dipoziti ya miezi miwili, kodi ya mwezi wa kwanza, na taarifa ya benki ya miezi mitatu inayoonyesha mapato yako. Tafadhali niandikie hapa unapokea pensheni kutoka wapi. Ukilipa nakupa risiti na funguo siku hiyo hiyo. Ya chini imechukuliwa, ila ghorofa ya kwanza ngazi zake si kali."