Kushuti dokumentari ya mgonjwa anayepigania huduma ya afya: sauti kwanza, risiti baadaye

Mtu asiyetarajia kupona ana ratiba mbili, ya kampeni na ya ugonjwa, na ya pili haisubiri kibali chako. Picha za Mlima Loleza wa hapa Mbeya ziache kwanza, mlima hauendi popote. Siku ya kwanza fanya mahojiano marefu. Ady Barkan, mwanaharakati wa Marekani, aliambiwa mwaka 2016 ana ALS, ugonjwa wa neva unaolemaza misuli hatua kwa hatua hadi ya kusemea. Aprili 2019 alipotoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la nchi yake, maneno yake yalisemwa na kompyuta iliyofuata macho yake. Ugonjwa wa namna hiyo ukichelewa nao, unabaki na uso bila sauti.

Maiki ya kola ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, juu ya shali. Juni na Julai huku kwetu mgonjwa hujifunika blanketi mbili, na maiki ikizama chini yake utarekodi msuguano wa nguo tu. Sauti icheze karibu na -12 dB kwenye mita ya kinasa. Zima mfumo wa kinasa unaopandisha na kushusha sauti wenyewe: akinyamaza kuvuta pumzi, mashine hupandisha mngurumo wa kifaa cha oksijeni, na ukihariri sauti itakuwa inapanda na kushuka. Kabla ya kuondoka rekodi dakika moja ya chumba bila mtu kusema, ya kuzibia mapengo ukihariri. Novemba hadi Aprili panga mahojiano asubuhi, maana mvua ya mchana ikigonga bati hakuna maiki itakayokuokoa.

Anayetumia mofini ya maji hunywa kila baada ya saa nne. Muulize anayemuuguza ni saa ngapi maumivu yametulia na usingizi haujamzidi. Hapo ndipo pako. Dakika 20, pumziko, kisha 20 nyingine. Usimwombe arudie sentensi kwa sababu ya taa yako.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tumia picha 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha) ya 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60, taa za wodini huweza kuleta michirizi inayotembea. Ukitoka kwenye baridi ya Uyole na kuingia chumba chenye moto, lenzi hushika ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa. Jiko la mkaa lisiwashwe chumbani eti picha ipate moshi mzuri. Mgonjwa wa mapafu anaulipia moshi huo usiku kucha.

Ridhaa ndiyo inayoangusha wengi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo iwe ya maandishi, na iseme mambo matatu: nini kionyeshwe, nani ataamua akishindwa kusema, na picha zifanyweje akifariki. Isome kwa sauti mbele yake na ndugu aliyemchagua mwenyewe, ambaye si lazima awe mkubwa wa ukoo. Kila awamu ya kushuti muulize upya. Suala la kamera msibani liulize akiwa hai. Kuliuliza matangani ni kukosa adabu.

Kibali cha Bodi ya Filamu hakikufungulii wodi. Hospitali inataka barua yake kwa mganga mfawidhi, na kijijini pita kwa mtendaji. Wodini, kabla ya kubonyeza kitufe, angalia nyuma ya mgonjwa wako: kadi iliyoning'inia kwenye kitanda cha jirani ina jina na namba ya faili, na inasomeka vizuri kabisa.

Sasa risiti. Machozi hayaonyeshi mfumo umekwama wapi, karatasi zinaonyesha. Zitandaze mezani kwa tarehe: kadi ya bima, cheti cha dawa, risiti ya duka la dawa nje ya hospitali, barua ya rufaa, tiketi ya basi la Dar es Salaam kwa anayekwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilomita 800. Shuti kila moja kwa juu, sekunde 8, yeye akieleza nani aliilipia na kitu gani kiliuzwa. Dai lake lilinganishe na maandishi ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kifungu kwa kifungu. Afisa mmoja akikuta kosa hapo, filamu nzima itapuuzwa.

Memori kadi inakiliwe mara mbili siku hiyohiyo, nakala moja ilale nyumba nyingine. Rasimu aione yeye kwanza, vipande vya dakika 10, angali na nguvu ya kusema hapo pakatwe.