RAM ya 3200 inasoma 2133?

Kabla hujaenda kugombana na muuza kompyuta pale Majengo kwamba kakuuzia feki, ingia BIOS kwanza, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kompyuta inapowaka. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 kwa kawaida huanza na spidi ya chini, 2133 au 2400, mpaka uwashe mwenyewe XMP, mpangilio wa kuipandisha hadi spidi iliyoandikwa. Ukiiwasha mashine ikagoma kuwaka, angalia sloti: kwenye ubao mama wenye sloti nne, RAM mbili mara nyingi hukaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Bado? Vumbi letu la Dodoma nalo halina adabu; chomoa umeme, toa RAM, futa meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli. CPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za kompyuta, ikionyesha 1600 usishtuke, zidisha mara mbili upate 3200 yako.